Kwangu Inafanya Kazi

Kuna watu wenye uadui na paka, na wengine na majirani. Mwalimu yeye uadui wake ulikuwa na kipanya cha kompyuta. Hakutaka kukiona mezani kwake. Kilipokuja kwenye boksi pamoja na kompyuta mpya, alikizungushia waya wake vizuri akakitia droo ya chini pamoja na betri zilizokufa. Kazi ya vidole kumi haifanywi kwa kidole kimoja, ndivyo alivyowaambia wanafunzi wake wa chuo cha ualimu, na wao wakacheka, maana walishamwona akifungua, akifunga, akihamisha na akifuta, yote kwa kibodi, bila hata kutazama mikono. Mtu akishika kipanya mbele yake, anaguna.

Tusimcheke mapema. Alikuwa hodari, tena hodari wa kweli, si wa kujisifu. Kazi ya mkate ilikuwa kufundisha hesabu. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine: alikuwa mmoja wa watu saba, waliotawanyika huku na huko duniani na hawajawahi kuonana uso kwa uso, waliokuwa wakitunza mkusanyiko wa programu za kuchora grafu. Mkusanyiko huo ni wa bure. Yeyote anauchukua, anausoma ndani nje, anautumia atakavyo, na akikuta kosa anaandika taarifa ili mmoja wa wale saba alishughulikie. Mshahara hakuna, malipo ni jina. Mwalimu alikabidhiwa madirisha, yaani kila kinachotokea tangu grafu ichorwe mpaka jicho la mtu liione kwenye kioo cha kompyuta. Humo alikuwa mkali kuliko askari wa barabarani. Ukileta mstari mmoja wa programu usio na kazi, anaufuta na kukuandikia maneno mawili yanayokunyima raha wiki nzima.

Sasa, huyu Mwalimu alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, jina lake la nyumbani Sinzia. Alipewa akiwa na miaka minne, alipolala ndani ya kabati la nguo na mtaa mzima ukamtafuta hadi kwenye mitaro. Baadaye alisinzia kwenye mtihani, akasinzia kwenye kiti cha kinyozi, na siku moja akasinzia wima akiwa amemshikia baba yake ngazi, baba akashuka na kilio. Basi jina likaganda. Alipofika miaka thelathini na minne, ana ndevu na kazi ya maana, bado mama alimwita Sinzia, na wajomba walimwita Sinzia, na kwenye kila shughuli ya familia lazima mtu aisimulie ile ya ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la dawa, kutunza majokofu ya chanjo. Miaka sita alikuwa hapo, na kwa miaka sita hakuchelewa hata siku moja, lakini hiyo hakuna aliyeisimulia kwenye shughuli. Ghala lilikuwa na majokofu makubwa mawili na chumba cha baridi ambacho mtu anaingia na koti zito na glavu nene kama za muuza barafu. Nje ya chumba kulikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta iliyoonyesha grafu mbili, kila jokofu na dirisha lake, mstari ukisogea kila baada ya sekunde kumi. Joto likipanda, programu inapiga kengele inayosikika hadi getini. Programu hiyo aliiunda fundi wa kompyuta wa ghala kwa kutumia ule mkusanyiko wa bure, na aliyemshauri autumie ni Mwalimu mwenyewe. Siku ilipoanza kufanya kazi alikwenda kuitazama, akasimama mbele ya ile mistari miwili kama mzazi kwenye mahafali.

Jumamosi moja mchana jokofu la pili liliharibika. Kengele haikulia. Sinzia alipotoka chumba cha baridi, alisema, alikuta kioo kitupu, grafu hazipo, programu haipo, na jokofu limefika nyuzi kumi na nne. Maboksi mia mbili na kumi ya chanjo ya watoto yakaenda kuchomwa. Wiki tatu kliniki za wilaya nzima ziliwarudisha kina mama na watoto wao mgongoni.

Sinzia alijieleza: alifunga dirisha moja tu, la jokofu la kwanza lililokuwa tupu siku hiyo, akaingia ndani kupanga maboksi, na kompyuta aliiacha inafanya kazi. Wenzake walimtazama wakatazamana. Maboksi hayasemi yalipangwa saa ngapi. Na jina lake la nyumbani lilikuwa limeshavuka geti la ghala zamani. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo linakuja. Kijana kafunga programu ili kengele isimsumbue, kajilaza zake.

Mfamasia mkuu, mtu wa haki kwa kadiri ya haki anayoijua, hakutaka kumhukumu kwa maneno ya kantini. Akamwandikia Mwalimu barua rasmi: wewe ni mtunzaji wa programu hizi, tafadhali tuambie, je, programu inaweza kujizima yenyewe? Akaambatisha na kumbukumbu zilizoandikwa na kompyuta siku ile. Alijua fika kwamba anamwandikia dada mtu. Ndiyo maana alimwandikia. Alisema dada akimtetea tutapima, lakini dada akimkana, hapo hakuna ubishi.

Na hapa ndipo palipomponza Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwanamke anayejivunia kwamba hapendelei damu. Aliipitia ile barua kwa kiburi kidogo, kile kiburi cha mtu anayejiambia kwamba sasa wataona mimi ni mtu wa namna gani. Akasoma kumbukumbu. Mstari wa mwisho ulisema: dirisha la jokofu la kwanza limefungwa na mtumiaji, saa nane na robo. Akaweka grafu mbili zinazosogea kwenye kompyuta yake, akafunga dirisha moja, akasubiri. Nzima. Akafungua tena, akafunga tena. Mara arobaini, kwa dakika kumi, na mara zote arobaini alifunga kwa kibodi, vidole viwili, tap. Wala hakufikiri kama kuna namna nyingine.

Isitoshe, alikumbuka kwamba miezi minane nyuma mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alileta taarifa ya mistari miwili: nikifunga dirisha moja, programu nzima inakufa. Siku ile pia alijaribu, akamwandikia yale maneno matatu ambayo ndiyo ngao ya kila fundi wa programu chini ya jua: kwangu inafanya kazi. Akaifunga taarifa. Yule mtu hakurudi tena, na Mwalimu akachukulia kwamba ameridhika.

Basi akamjibu mfamasia mkuu. Programu nimeijaribu mara arobaini, haina kasoro, dirisha lilifungwa na mtumiaji. Akasaini jina lake kamili na cheo.

Kamati ya nidhamu ilimsomea Sinzia barua hiyo ya dada yake. Wakamwambia akikiri itakuwa nafuu kwake. Aliomba kalamu akaandika kwamba huenda alisinzia. Nafuu yenyewe haikuonekana. Aliachishwa kazi palepale, akapewa siku sitini za kukata rufaa, akarudi kuishi kwa mama na kuosha magari kwenye kituo cha mafuta. Mwalimu alisikitika, ndiyo, lakini alilala usingizi wake vizuri. Alisema kweli, na kweli haina dada.

Mwezi na siku chache baadaye, Jumamosi asubuhi, Sinzia alifika nyumbani kwake kuomba amsaidie kuchapa barua ya kutafuta kazi. Alikuja amechana nywele, na karatasi aliyoandika kwa mkono ameikunja mara nne mfukoni. Aliomba kipanya, kwa aibu kidogo, akisema amezoea hivyo, glavu za kazini haziwezi kubonyeza herufi. Mwalimu akaguna, akakitoa droo ya chini. Kwenye kioo kulikuwa na grafu zake mbili za kufundishia, mawimbi yakipanda na kushuka. Sinzia akauliza kama anaweza kufunga moja apate nafasi. Funga tu, akamwambia, huku anatafuta miwani.

Sinzia akasogeza mshale taratibu mpaka kwenye ile alama ya eksi, kona ya juu, akabofya. Dirisha likafunga. Mwalimu akavaa miwani. Sekunde sita, saba, halafu lile dirisha la pili nalo likatoweka, na programu yote ikazimika, kioo kikabaki kitupu.

Sinzia aliondoa mkono kwenye kipanya haraka, kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha sukari.

"Sijafanya kitu, dada," akasema. "Nimefunga ile moja tu."

Nakwambia, Mwalimu alikufa ganzi. Alielewa si yote, lakini alielewa ya kutosha. Na wakati huohuo, kabla hata hajapumua, mdomo wake ulishasema usijali, kompyuta hii imezeeka.

Sinzia alikitazama kioo kitupu. Akasema, polepole, labda basi na ile ya kazini. Mwalimu akamkata kauli: ile ya kazini ni mpya, mambo hayafanani. Sinzia akaitikia kwa kichwa. Akachapa barua yake kwa saa nzima, kidole kimoja, akamshukuru, akamshukuru tena mlangoni, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta akiwa na kipanya mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akakitumia. Alifungua grafu mbili, akafunga moja kwa kubofya eksi. Ikafa. Mara kumi alijaribu, mara nane ikafa. Akajaribu kwa kibodi mara kumi: nzima, nzima, nzima. Kila ilipokufa iliacha ujumbe uleule mkavu, kwamba programu imegusa sehemu isiyo yake ya kumbukumbu ya ndani ya kompyuta. Ujumbe huo haukuambii nani, wapi, wala kwa nini. Ni kama kuambiwa mtu ameanguka, basi.

Akaanza kuifuatilia. Aliweka maneno ndani ya programu, hatua kwa hatua, ili kila inapopita iseme nimefika hapa, sasa nimefika hapa. Akaona dirisha linafungwa. Akaona linafutwa kwenye kumbukumbu hiyo ya ndani. Halafu akaona kitu kinachoendelea kuongea baada ya hapo: ile kengele ndogo ya ndani inayoigutua programu kila baada ya sekunde kumi, amka, chora tena. Dirisha limekufa, kengele bado inapiga. Programu inaamka kwa utii wake, inakwenda kuchora mahali ambapo hapapo tena, sawa na fundi rangi anayeegemeza ngazi kwenye ukuta uliokwisha kubomolewa. Inaanguka, na kila kitu ilichobeba kinaanguka nayo, dirisha la pili, na king'ora, ile kengele inayosikika hadi getini.

Njia za kufunga dirisha zilikuwa mbili. Ya kibodi ilikuwa na mstari wa kuinyamazisha kengele kwanza. Ya kipanya haikuwa nao. Mwalimu alijua kwamba zamani ulikuwapo. Katika mradi wa namna ile kila mstari una historia yake, nani aliuandika, nani aliufuta, lini, na kwa maelezo gani. Akafungua historia. Mstari ulifutwa miezi kumi na minne iliyopita. Maelezo: Usafi. Nimeondoa mistari inayojirudia. Aliyefuta alikuwa yeye.

Nyani haoni kundule, jamani. Aliukuta mstari uleule kwenye njia mbili, akaona mmoja umezidi, akaufuta ule wa njia ambayo yeye haipiti. Akafungua na zile kumbukumbu za ghala, akasoma upya. Programu inapofungwa vizuri huandika mwishoni: imefungwa salama. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe zamani, kwa mkono wake. Kwenye kumbukumbu za Jumamosi ile hayakuwapo. Yalikuwa mbele ya macho yake siku alipojibu barua, au tuseme kutokuwapo kwake kulikuwa mbele ya macho yake, na hakuuliza.

Kuitengeneza programu kulimchukua dakika ishirini. Mstari mmoja, akaurudisha pale alipoutoa. Alijaribu kwa kipanya mara mia moja, ikakaa imara. Kisha akaandika maelezo ya toleo jipya, na hapa nataka umtazame vizuri, kwa sababu mtu mkali namna ile, anayewanyima watu raha kwa mstari mmoja, aliandika hivi: Maboresho madogo ya kufunga dirisha. Mmoja wa wale saba, kutoka upande wa pili wa dunia, akamwandikia: safi sana. Akafunga kompyuta akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wiki ya kwanza alijiambia anasubiri ahakikishe. Wiki ya pili alijiambia kwamba hata akisema, chanjo hazitarudi, maji yakimwagika hayazoleki. Alifikiri chuo kitasema nini, na wale saba, na mfamasia mkuu mwenye saini yake kwenye jalada. Aliwaza pia kumwandikia yule mtu wa taarifa ya mistari miwili, akaandika, akafuta. Nafsi ilimsuta darasani, ikamsuta sokoni, ikamsuta kitandani. Aliacha kula vizuri. Mumewe, seremala, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao masikioni, alimvumilia siku kadhaa kisha akamuuliza, na Mwalimu akamweleza yote, kengele, njia mbili, barua. Seremala alisikiliza mpaka mwisho.

"Kompyuta umeshaitengeneza," akasema. "Bado mtu."

Akanyanyuka akaenda karakana. Mwalimu alimkasirikia siku nzima, maana hakuna kinachoudhi kama kuambiwa unachokijua.

Jumapili ya wiki ya tatu alikwenda kwa mama. Mama alikuwa na maharage jikoni na wageni sebuleni, akamwambia Mwalimu amwangalizie sufuria, asimwachie huyo, atatuunguzia nyumba. Wageni wakacheka. Sinzia naye akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea, akamfuata dada yake jikoni akaegemea mlango. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya magari. Alichungulia sebuleni kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Dada, nikuulize kitu. Mtu anaweza kulala na asijue kama alilala?"

Mwalimu akauliza kwa nini anauliza hivyo.

"Kwa sababu nakumbuka nikipanga maboksi. Nakumbuka moja lilipasuka pembeni, nikalibandika plasta. Lakini wewe ulisema programu ilikuwa nzima, na wewe mambo haya hukosei. Sasa najiambia labda niliota. Siku hizi hata nikikumbuka kitu cha jana, sikiamini."

Mwalimu aliweka mwiko chini. Ukweli ni kwamba mpaka dakika ile alidhani amemnyang'anya mdogo wake kazi. Hilo lilikuwa zito, lakini alikuwa ameshaanza kulizoea. Hili jingine hakulijua.

"Nilikosea," akasema. "Programu ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Nililitia mimi."

Akamweleza, bila kupaka rangi: mstari aliofuta, eksi, kengele inayopigia dirisha lililokufa, kwamba alijaribu mara arobaini kwa mkono wake na si hata mara moja kwa mkono wa Sinzia. Alimwambia hata angekuwa amelala fofofo siku ile, king'ora kingemwamsha, kama kisingekufa. Maharage yakaanza kushika chini na hakuna aliyeyageuza. Sinzia alisikiliza huku anatazama sakafu. Aliuliza swali moja tu, kama hayo anaweza kuyasema mbele ya watu. Mwalimu akasema anaweza. Basi, akasema Sinzia, siku ya mwisho ya rufaa ni kesho kutwa, na mimi sikuwa na mpango wa kwenda. Mama aliingia akisema mmeniunguzia, na kwa mazoea akamtazama Sinzia. Mwalimu akasema ni mimi, mama. Mama hakuamini.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Mwenyekiti alikuwa afisa utumishi, mama wa makamo anayesoma kila karatasi mara mbili. Mfamasia mkuu alikaa pembeni na jalada. Mwalimu alikuja na kompyuta na kipanya, akawaonyesha toleo la zamani: akafunga kwa kibodi, nzima, akabofya eksi, wote wakahesabu kimoyomoyo, ikafa. Akawaonyesha yale maneno yasiyokuwapo kwenye kumbukumbu. Akawasomea historia ya mstari, jina lake na tarehe, na hakuipunguza sauti. Mfamasia mkuu akamuuliza kwa nini, kabla ya kusaini, hakumuuliza kijana alifunga vipi lile dirisha. Swali lilikuwa la haki kabisa.

"Kwa sababu ni mdogo wangu," Mwalimu akasema. "Nilidhani namjua."

Mwenyekiti akageuza karatasi, akatoa ile aliyoiandika Sinzia mwenyewe kwa kalamu ya kuazima. Akamwambia: hapa umeandika kwamba huenda ulisinzia. Ulisinzia, au hukusinzia?

Sinzia aliitazama karatasi yake. Akageuka.

"Muulizeni dada," akasema.

Chumba kizima kikamtazama Mwalimu. Angeweza kusema hakusinzia, na wangeamini, kama walivyoamini mara ya kwanza. Neno hilo lilikuwa limeshafika ulimini. Alilimeza kwa nguvu.

"Mimi sijui," akasema. "Sikuwepo. Aliyekuwepo ni yeye."

Feni ikalalamika mizunguko kadhaa. Sinzia alitazama mikono yake juu ya meza, mpaka mfamasia mkuu akakohoa.

"Nilikuwa macho," akasema hatimaye. Halafu akarudia, kwa sauti iliyonyooka zaidi. "Nilikuwa macho. Nilikuwa napanga maboksi, na moja nililibandika plasta."

Mfamasia mkuu akasema, kama anayejisemea, kwamba boksi la plasta alikuwa ameliona rafuni, na hakujua ni la lini. Mwenyekiti akaandika. Haikuchukua nusu saa. Sinzia alirudishwa kazini kuanzia Jumatatu, na barua ya kumsafisha ikaahidiwa, ibandikwe ubaoni ghalani. Akatakiwa abaki asaini fomu.

Dada na mdogo wake walitoka nje kwanza, wakasimama ukutani penye kivuli chembamba. Mwalimu alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa, ya kuomba msamaha. Sinzia ndiye aliyeanza.

"Ulijua lini?"

Ndani hakuna aliyeuliza hilo. Kamati haikuhitaji. Angesema juzi, angesema Jumapili ileile jikoni, nani angebisha? Mwalimu aliona uongo huo umekaa tayari, mwepesi, unafanana kabisa na kweli.

"Siku uliyokuja kuandika barua," akasema. "Wiki tatu na siku tatu."

Sinzia akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Kwa hiyo wiki tatu," akasema, "wewe ulijua mimi si mwongo, na mimi mwenyewe sijui."

Mwalimu akasema ndiyo.

Walimwita Sinzia ndani kusaini. Akaingia bila kugeuka nyuma. Hakumwambia dada yake amsubiri, wala hakumwambia aende, na Mwalimu akabaki pale ukutani, kipanya kikimning'inia mkononi kwa waya wake, mpaka kivuli kikaisha na jua likampata.